Kutoka pembe za ndovu hadi dumu la maji: historia ya plastiki na moshi wa jikoni kwetu

Hapa kambini mtu akisema "historia" anamaanisha vita. Mwaka fulani tulikimbia, mwaka fulani tukavuka ziwa, mwaka fulani wakaja wenzetu wa Burundi. Miye nilifundisha historia Fizi kabla ya kuvuka, na sikatai, hiyo ni historia. Lakini kuna nyingine tunayoishi ndani yake kila siku na hakuna anayetufundisha, nayo ni historia ya vitu.

Hebu angalia hapo ulipoketi. Juu yako kuna shitingi, au turubai kama wanavyosema wenyeji. Pembeni kuna dumu la lita 20, ambalo sisi wa Kongo tunaliita bidoni. Kuna ndoo, sahani, jagi, kandambili, kamba ya kuanikia, mkeka wa rangi. Mtu alitoka kwao na nguo za mwilini tu, akafika hapa akapokelewa na plastiki. Tunalala chini yake, tunakunywa ndani yake, na kuni zikiisha tunawashia moto.

Sasa kila mara nasikia mabishano mawili. Wa kwanza anasema plastiki ni sumu tupu, ati hata maji ya dumu yanaleta kansa. Wa pili anacheka: "Mbona tumekunywa humo miaka 20 na bado tupo?" Nimesoma kwa muda mrefu kuhusu jambo hili, vitabu vya kuazima na karatasi walizoniachia watu wa afya, na naona wote wawili wamekosea. Wa kwanza anaogopa kitu kisichokuwa hatari kubwa. Wa pili haoni hatari iliyopo jikoni kwake. Kuwajibu lazima turudi nyuma kidogo.

PEMBE ZILIZOPITA KWETU

Hadithi ya plastiki inaanzia karibu nasi kuliko watu wanavyodhani. Karne ya 19, njia kubwa ya pembe za ndovu ilitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, ikavuka Tanganyika hadi Ujiji, ikaenda Tabora, ikashuka Bagamoyo na kuingia Zanzibar. Ujiji ndiyo hii hii ya mkoa wetu wa Kigoma. Hamed bin Muhammad, yule aliyejulikana kama Tippu Tip, alijenga nguvu zake kule Kasongo kwa biashara hiyo, na Kiswahili tunachoongea leo Maniema na Kivu kilitembea kwenye njia hiyo hiyo. Shanga na nguo zilipanda kuja bara. Pembe zilishuka pwani mabegani mwa wapagazi na watumwa.

Zanzibar walikuwepo wafanyabiashara wa Marekani wakizingoja. Pembe zilisafiri hadi jimbo la Connecticut, ambako kuna kijiji kilichopewa jina la Ivoryton kwa sababu ya kazi hiyo. Huko zilikatwa kuwa vibao vya piano, vitana na mipira ya mchezo wa biliadi. Pembe moja inatoa mipira michache tu, kwa hiyo ndovu wengi walikufa ili matajiri wacheze.

Bei ikapanda. Mwaka 1863 kampuni moja ya mipira ya biliadi huko New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kushika nafasi ya pembe. John Wesley Hyatt, mpiga chapa wa Albany, akaanza kujaribu, na mwaka 1870 akapata hati ya selulodi. Ilitengenezwa kwa pamba iliyotiwa asidi, ikachanganywa na kafuri, ile ile wanayopakwa maiti. Kilikuwa kitu kizuri, kinang'aa kama pembe, lakini kikikaribia moto kinalipuka kuwaka. Tangu siku ya kwanza, basi, plastiki na moto havikuwa marafiki. Tuliweke hilo akilini, tutarudi kwake.

Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyezaliwa Ghent na kuhamia Marekani, alitengeneza plastiki ya kwanza isiyotoka kwenye mmea wala mnyama. Mwaka huo Kongo yetu ilikuwa bado mali binafsi ya mfalme wa kwao, Leopold wa Pili. Baekeland alichanganya fenoli na fomaldehaidi, akapata kitu kigumu kisichoyeyuka. Fomaldehaidi hiyo inawasha macho na koo, na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Zile sahani ngumu za melamini tunazonunua sokoni, zinazolia kama za udongo ukizigonga, nazo zinatoka kwenye fomaldehaidi.

Kisha ikaja polithini. Mwaka 1933, katika kiwanda cha kampuni ya ICI huko Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuta ndani ya chombo chao kitu cheupe kama nta. Hawakuwa wakikitafuta. Vita vya Pili vilipoanza kitu hicho kikatumika kufunika nyaya za rada. Vita vilipoisha viwanda vilikuwepo, mafuta ya petroli yalikuwepo, wanunuzi wakatafutwa. Wakatupata na sisi.

MTUNGI, DEBE, DUMU

Nyanya yangu alichota maji kwa mtungi. Mama yangu alichota kwa debe, lile la bati lililokuja na mafuta ya taa. Miye na watoto wangu tunachota kwa dumu. Ni vizazi vitatu na vyombo vitatu.

Dumu nalo lina ukoo wake. Babu yake alikuwa wa chuma, alitengenezwa kwa ajili ya jeshi la Ujerumani miaka ya 1930, na alibeba lita 20 za petroli. Waingereza walipomwona vitani wakampa jina kutokana na Jerry, jina la utani walilowaita Wajerumani, na ndiyo sababu ndugu zetu wa Kenya na Uganda wanasema jerikeni. Mwaka 1953 Karl Ziegler, Mjerumani mwingine, aligundua njia ya kutengeneza polithini iliyo ngumu. Hiyo ndiyo plastiki ya dumu letu. Chombo cha vita kikawa chombo cha wanaokimbia vita.

Na ukweli usemwe: dumu limeokoa roho nyingi. Wanaokumbuka Goma mwaka 1994 wanajua kipindupindu na kuhara vilivyofanya kwa Wanyarwanda waliovuka pale, watu makumi ya maelfu walikufa katika wiki chache. Maji yalikuwa machache na machafu, na vyombo vya kuyatunza havikutosha. Mwaka mmoja kabla yake, katika kambi ya Nyamithuthu huko Malawi, wakimbizi wa Msumbiji waligawiwa ndoo zenye kifuniko na mdomo mwembamba, ambazo mtu hawezi kutumbukiza mkono. Watoto wadogo wa nyumba hizo waliharisha pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko watoto wa nyumba zenye ndoo za kawaida. Maji yalikuwa yale yale, kilichobadilika ni chombo tu.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka kutupa dumu kwa kuogopa kansa, ngoja. Maji safi ndani ya dumu safi lenye kifuniko yanakulinda na ugonjwa unaoua kwa siku moja. Baniani mbaya, kiatu chake dawa.

SHANGA KWENYE UZI

Sasa hatari iko wapi? Fikiria shanga. Plastiki ni uzi mrefu sana wa shanga ndogo zilizoshikana. Zikishikana zote, uzi unatulia, hauingii mwilini kirahisi. Hatari inatoka sehemu tatu. Ya kwanza ni shanga zenyewe kabla hazijafungwa. Ya pili ni viungo vinavyoongezwa ili plastiki iwe laini, iwe na rangi, isichakae kwa jua, maana viungo hivyo havifungwi kwenye uzi na vinaweza kutoka. Ya tatu ni moto, unaokata uzi na kutengeneza vitu vipya ambavyo havikuwemo.

Kuhusu shanga zisizofungwa, kisa kinachojulikana sana ni cha PVC. Plastiki hii iko kwenye mabomba ya maji, ngozi za nyaya za umeme, mikeka ya sakafu, na viatu vingi vya plastiki. Shanga yake ni gesi inayoitwa vinili kloraidi. Miaka ya 1960, wafanyakazi waliokuwa wakiingia ndani ya matangi ya kiwanda kukwangua mabaki walianza kupata ugonjwa wa ajabu, mifupa ya ncha za vidole ilikuwa inayeyuka. Wao ndio waliokuwa karibu kabisa na gesi, na wao ndio walioumia mwanzo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 makampuni ya Ulaya yalimlipa mtafiti wa Bologna, Cesare Maltoni, aipime gesi hiyo kwa panya. Panya wakapata saratani, tena kwa kiasi kilicho chini ya kile ambacho wafanyakazi waliruhusiwa kuvuta. Makampuni yale yakawapa habari wenzao wa Marekani kwa sharti la kufunga midomo. Wafanyakazi hawakuambiwa.

Kilichovunja ukimya ni vifo. Katika kiwanda cha B.F. Goodrich huko Louisville, jimbo la Kentucky, daktari wa kiwanda John Creech aliona kwamba wafanyakazi wamekufa kwa saratani ya mishipa ya damu ya ini, ugonjwa adimu sana, daktari anaweza kustaafu bila kuuona. Kuupata kwa watu watatu wa kiwanda kimoja hakukuwa bahati mbaya. Mwezi Januari 1974 kampuni ikatangaza. Wakati huo sheria iliruhusu sehemu 500 za gesi hiyo katika sehemu milioni moja za hewa. Serikali ya Marekani ikashusha hadi sehemu 1. Wenye viwanda walilia kwamba haiwezekani, viwanda vitafungwa. Kumbe iliwezekana, na viwanda vikaendelea kufanya kazi.

Italia nako, Porto Marghera karibu na Venice, kulikuwa na mfanyakazi wa kawaida aitwaye Gabriele Bortolozzo. Hakuwa daktari wala profesa. Aliona wenzake wa idara ya vinili kloraidi wanakufa, akaanza kuandika: jina, kazi aliyofanya, miaka aliyokaa, ugonjwa uliomwua. Akaandika kwa miaka. Mwaka 1994 akapeleka karatasi zake kwa mwendesha mashtaka. Mwaka uliofuata akafariki kwa ajali akiwa kwenye baiskeli, hakuiona kesi. Kesi ikaanza 1998. Mwaka 2001 wakubwa wote wa makampuni waliachiliwa. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikawatia hatiani watano. Ni haki ndogo, ilichelewa, lakini bila daftari la yule mtu hata hiyo isingekuwepo.

VIUNGO VINAVYOTOKA

Kuhusu viungo, nitataja viwili. PVC kwa asili ni ngumu. Ili iwe laini kama kiatu cha mtoto au mfuko wa damu hospitalini, wanaitia mafuta yanayoitwa fthaleti. Mafuta haya yanatoka polepole, hasa kwenye joto na kwenye chakula chenye mafuta, na baadhi yake yanavuruga homoni za uzazi. Ulaya ilizuia kadhaa kati yake kwenye vitu vya kuchezea vya watoto kuanzia 1999, Marekani ikafuata 2008.

Cha pili ni bisfenoli A, wengi wanasema BPA. Mwaka 1936 mwanasayansi wa London, Edward Charles Dodds, alipokuwa akitafuta dawa ya kufanya kazi kama homoni ya kike, alionyesha kwamba BPA inafanya hivyo, ingawa kwa nguvu ndogo. Yaani ilijulikana mapema kwamba hiki kitu kinaongea na mwili kwa lugha ya homoni. Hata hivyo mwaka 1953 kikaanza kutumika kutengenezea plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, polikaboneti. Zikatoka chupa za kunyonyeshea watoto, na yale machupa makubwa ya maji yanayopinduliwa kichwa chini maofisini.

Mwaka 1998 Patricia Hunt, mtafiti wa Marekani, aliona ghafla mayai ya uzazi ya panya wake yameharibika. Akatafuta sababu. Kumbe mtu alikuwa ameosha vizimba vya plastiki kwa sabuni kali isiyofaa, plastiki ikachubuka, BPA ikatoka. Matokeo yalichapishwa 2003. Ulaya ilipiga marufuku chupa za watoto zenye BPA mwaka 2011, Marekani 2012. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilishusha kiasi kinachovumilika kwa siku mara 20,000 kuliko kilichokuwepo. Hesabu miaka toka 1936.

Msomaji wa kambini aelewe vizuri: dumu letu na ndoo zetu si polikaboneti, na hazitengenezwi kwa BPA. Geuza chombo chako, mara nyingi chini kuna pembetatu yenye namba. Namba 1 ni chupa za soda na maji. Namba 2 ni madumu. Namba 3 ni PVC. Namba 4 ni mifuko laini. Namba 5 ni ndoo nyingi, mabakuli na viroba. Namba 6 ni vile vyombo vyepesi vyeupe vya kubebea chakula. Namba 7 ni nyingine zote, na polikaboneti iko humo. Kwa maji ya kunywa, namba 2 na 5 hazina shida kubwa. Lakini kumbuka, namba inakwambia plastiki ni gani, haikwambii chombo kilibeba nini. Dumu lililowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu shambani halifai kwa maji hata ulioshe mara 10, maana dawa imeshaingia kwenye kuta zake. Litobolewe, lisiuzwe tena sokoni.

TUNAPOWASHA MOTO

Sasa nafika pale nilipotaka kufika. Sisi hatufanyi kazi kwenye matangi ya vinili kloraidi. Ila kuna kazi moja tunayoifanya inayotuweka karibu na plastiki kuliko mtu wa Ulaya anayeogopa chupa yake: tunaichoma, tena ndani ya nyumba, tena kichwa kikiwa juu ya moto.

Mama yeyote hapa anajua. Kuni ni shida, msitu ni mbali, na huko njiani wanawake wamekutana na mambo ambayo sitayaandika. Kuni zikipatikana ni mbichi, mvua imenyesha, watoto wanalia njaa. Kipande cha shitingi iliyochakaa kinawaka mara moja. Pasua ukingo wa dumu bovu, weka chini ya kuni, moto umepanda. Chupa ya soda, kandambili iliyokatika, mfuko. Nyumbani kwetu nasi tumewashia hivyo, sababu ni ile ile ya kila nyumba. Simlaumu mama anayepika. Ninataka ajue kilichomo kwenye moshi huo, kwa sababu kuna watu wanaojua na yeye hajaambiwa.

Shitingi, dumu na ndoo zinatokana na kaboni na haidrojeni. Zikiungua kwenye moto mkali wenye hewa nyingi, kama ule wa tanuri za viwanda, zinaweza kuungua vizuri. Kwenye mafiga matatu haziungui vizuri. Zinatoa masizi meusi yanayoingia ndani kabisa ya mapafu, zinatoa kaboni monoksaidi inayoumiza kichwa, na zinatoa benzini na jamii nyingine za lami zinazojulikana kuleta saratani. Rangi za plastiki za zamani zinaweza kuwa na risasi ndani. Viatu vya PVC na ngozi za nyaya ni vibaya zaidi, kwa sababu zina klorini. Moshi wake unakuwa na asidi inayochoma koo, na klorini hiyo ikiungua pamoja na taka nyingine inatengeneza dioksini.

Dunia iliijua dioksini kwa uchungu tarehe 10 Julai 1976, pale kiwanda cha kemikali kilipotoa wingu lake juu ya mji wa Seveso, Italia. Wanyama walikufa, watoto wakatokwa na vipele vikubwa usoni. Aina yake iliyo kali kuliko zote iliwekwa mwaka 1997 kati ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Ubaya wake ni kwamba haitoki mwilini haraka. Inakaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka, na mama anamgawia mtoto kupitia maziwa.

Mtu atasema hayo ni ya kiwandani. Basi tuangalie watu kama sisi. Kule Tropodo, Indonesia, watengenezaji wa jibini ya soya walikuwa wakichoma taka za plastiki kama kuni kwa sababu ni rahisi. Kule Agbogbloshie, Accra, vijana walichoma nyaya ili wapate shaba. Mwaka 2019 watafiti walipima mayai ya kuku waliokuwa wakidonoa kwenye majivu ya sehemu hizo. Mtu mzima akila yai moja la Agbogbloshie, anapata dioksini zaidi ya mara 200 ya kiasi ambacho Ulaya inakivumilia kwa siku. Kuku wetu wanadonoa wapi? Majivu yetu tunayamwaga wapi? Mara nyingi kwenye bustani ya mchicha nyuma ya nyumba.

Hata moshi wa kuni peke yake si mchezo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto wadogo wengi. Sisi juu ya moshi huo tunaongeza wa plastiki. Kisha mtoto anakohoa, anapelekwa zahanati, anaandikiwa dawa ya kifua, anarudi kulala pembeni ya mafiga yale yale. Hakuna anayemwuliza mama: unawashia nini?

Serikali za nchi hizi zimeshughulika na plastiki. Rwanda ilikataza mifuko mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Ni jambo zuri. Ila sheria hizo ziliangalia zaidi mitaro, mashamba na ng'ombe, si mafiga. Na ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, wengi wanadhani ni nguo. Nyingi ni plastiki namba 5. Ukiichoma, umechoma plastiki.

TUNALOWEZA, NA TUNALOOMBA

Yapo mambo ambayo hayahitaji mradi. La kwanza kabisa, viatu vya plastiki, mabomba na nyaya visiingie jikoni hata siku moja. Kama huna la kufanya katika mengine, shika hilo moja. Pili, kuwashia tumia vijiti vikavu, magunzi ya mahindi, karatasi au maganda, na uviweke ndani siku mbili kabla ya mvua. Tatu, ugali na ndizi zifunikwe kwa jani la mgomba au sufuria nyingine, si kwa nailoni, kwa sababu joto ndilo linalotoa viungo kwenye plastiki. Chai ya moto nayo isibebwe kwenye mfuko. Nne, majivu ya moto uliowahi kula plastiki yafukiwe mbali na kuku na mboga. Tano, dumu lisuguliwe kwa sabuni na kitambaa. Mchanga mkali unalichuna, na kwenye michubuko ndiko utelezi wenye vijidudu unakoshika.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika mnaosoma jarida hili, nasema kwa heshima. Plastiki nyingi ya humu ndani imeletwa na malori yenu, na tunashukuru, tusingeishi bila hiyo. Lakini lori linakuja limejaa na kurudi tupu. Shitingi iliyochanika inabaki, dumu lililotoboka linabaki, na mahali pa kuvipeleka hatujaonyeshwa, ila shimoni na jikoni. Siku ya kugawa vipya iwe pia siku ya kupokea vikuukuu. Maneno ya onyo kwenye vyombo vya kemikali yaandikwe Kiswahili na Kirundi, maana Kiingereza hakimfikii mama wa mafigani. Wahudumu wa afya waongeze swali moja kwa mtoto mwenye kifua: nyumbani mnawashia nini? Na mnapohesabu mahitaji ya chakula, hesabuni na moto wa kukipikia, kwa sababu unga bila kuni unatufikisha kwenye plastiki.

Ukitazama historia hii yote, utaona kitu kimoja kinajirudia. Kila mara waliokuwa karibu na hatari waliumia kwanza na kuambiwa mwisho. Wakwangua matangi waliambiwa baada ya panya. Akina mama waliambiwa kuhusu chupa za watoto zaidi ya miaka 70 baada ya Dodds. Na mabadiliko yalipokuja, yalianza na mtu aliyekaa akaandika, daktari wa kiwanda aliyehesabu vifo vitatu, mfanyakazi wa Porto Marghera na karatasi zake.

Sisi tuna madaftari. Tuna vijana waliomaliza sekondari humu humu na hawana kazi, tuna wakunga, tuna viongozi wa mitaa wanaojua kila nyumba. Napendekeza kila mtaa uwe na daftari moja. Tuandike tarehe, nyumba, kilichowashiwa, nani alikuwa jikoni, nani anakohoa na kwa siku ngapi. Tusiandike majina ya kuaibishana, namba ya nyumba inatosha. Kwetu mtaani tumeshaanza, na wanaotaka kuona jinsi tulivyopanga safu waje kwa mwalimu yeyote wa shule ya msingi, watapewa kiolezo wakinakili. Mwaka ujao, tukikaa na watu wa afya, tutakuwa na kitu cha kuweka mezani.